Sura ya Neno: Jicho la Msomaji na Tenzi za Mrima

Neno "sura" linatutumikia mara mbili. Kuna sura ya mtu, na kuna sura ya kitabu. Mwanafunzi wa leo huyaandika yote mawili kwa herufi nne zilezile na wala hajiulizi. Lakini mwandishi wa zamani wa Tanga au Pangani, aliyeandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama alikuwa amesoma sawasawa, aliliandika la uso kwa swadi na la kitabu kwa sini. Machoni mwake yalikuwa maneno mawili yanayofanana mlio tu, kama watu wawili wenye jina moja. Herufi za Kirumi ndizo zilizoyavika uso mmoja. Msomaji asikimbilie kusema kwamba basi hati ya zamani ilikuwa bora. Mwandishi huyohuyo angeweza kuandika "bibi" na "pembe" kwa umbo lilelile, pasipo tofauti hata ya nukta, na asione taabu.

Kwa nini asione taabu? Kulijibu swali hilo hapana budi tutoke kidogo nje ya uwanja wetu wa fani na maudhui, tuwaulize wale wanaochunguza jinsi akili inavyotambua vitu. Makala haya yanadai kwamba jicho lililozoea husoma neno kwa namna inayokaribiana na linavyotambua uso wa mtu. Kwamba mazoea hayo hujengwa na hati ambayo mtu amelelewa nayo. Na kwamba vina na mizani ya tenzi za Mrima vilikuwa na kazi katika utambuzi huo, kazi ambayo sisi wahakiki tumeisahau kwa sababu tunazisoma tenzi hizo zikiwa zimekwisha vuliwa nguo zake za kwanza.

Tuanze na uso, maana uso ni mkongwe kuliko kitabu. Ukiwa kituo cha mabasi Ngamiani, au unangojea kivuko cha Pangani, utamtambua shangazi yako katikati ya watu mia kabla hujaiona pua yake vizuri. Huanzi na jicho la kulia, ukaja la kushoto, kisha ukajumlisha. Unapokea uso mzima kwa pamoja: umbali wa macho, kimo cha paji, namna mdomo unavyokaa chini ya pua. Mwaka 1969 Robert Yin alionyesha kwamba picha za watu zikipinduliwa juu chini utambuzi wetu huharibika sana, kuliko unavyoharibika kwa picha za nyumba zilizopinduliwa vilevile. Mwaka 1980 Peter Thompson alifanya mzaha wenye elimu ndani yake. Aliichukua picha ya Margaret Thatcher, akayakata macho na mdomo na kuyabandika juu chini, kisha akaipindua picha nzima. Ikiwa imepinduliwa, mtazamaji haoni kasoro kubwa. Ikisimamishwa wima, lo! ni zimwi. Viungo vyote viko pale pale, uhusiano wake ndio uliovunjika, nao huo uhusiano ndio tunaouita sura. Wako pia watu wanaopoteza uwezo huu baada ya kuumia ubongo. Daktari Mjerumani Joachim Bodamer aliupa ugonjwa huo jina mwaka 1947. Mgonjwa anaona vizuri, anaweza kukueleza kwamba huyu ana ndevu na yule ana miwani, lakini hamjui mkewe mpaka aseme.

Tukija kwenye neno, mambo yanafanana kuliko ambavyo mtu angetazamia. James Cattell aliandika mwaka 1886 kwamba mtu akionyeshwa maandishi kwa muda mfupi mno hushika herufi chache tu zilizotawanyika, lakini herufi hizo zikiunda maneno hushika nyingi zaidi. Gerald Reicher, mwaka 1969, alikwenda mbali zaidi: herufi moja hutambuliwa vizuri zaidi ikiwa ndani ya neno kuliko ikiwa peke yake. Hebu fikiri maana yake. Zima linaisaidia sehemu, wala si sehemu pekee zinazolijenga zima. Ndiyo maana nikiandika hapa "mwanafuznii" au "klaamu", msomaji ataguna kidogo na kuendelea na safari. Amekwisha mtambua mwanafunzi hata kama kavaa shati kinyumenyume.

Na kuna wagonjwa wa neno kama walivyo wagonjwa wa uso. Jules Dejerine wa Paris alieleza mwaka 1892 habari ya mtu aliyejikuta ghafla hawezi kusoma. Kuona anaona, kusema anasema, watu anawatambua. Kuandika pia anaandika! Lakini alichokiandika kwa mkono wake mwenyewe hawezi kukisoma. Kumbe basi kusoma kuna mahali pake katika ubongo, na mahali hapo pakiharibika lugha yenyewe hubaki salama. Miaka mia moja na kitu baadaye mitambo ya kupiga picha za ubongo ulio kazini ilipaonyesha. Mwaka 1997 Nancy Kanwisher na wenzake walieleza sehemu iliyo chini kwa nyuma, hasa upande wa kulia, inayochangamka mbele ya nyuso. Mwaka 2000 Laurent Cohen, Stanislas Dehaene na wenzao wakaeleza sehemu nyingine, upande wa kushoto, inayochangamka mbele ya maneno yaliyoandikwa. Hizi ni jirani kwa maana ya kukaa mahali panapolingana katika pande mbili za ubongo.

Uandishi una umri wa miaka kama elfu tano hivi, na kwa walio wengi duniani kusoma ni jambo la juzijuzi. Ubongo haukupata muda wa kujiumbia kiungo cha kusomea. Dehaene anasema uliazima: ulichukua sehemu iliyokwisha kuwa hodari wa kutambua maumbo, ukaifunza kazi mpya. Mwaka 2010 yeye na wenzake waliwapima watu wazima wa Brazili na Ureno, waliosoma utotoni, waliosoma ukubwani na wasiosoma kabisa. Waliona kwamba kadiri mtu anavyojua kusoma ndivyo sehemu ile ya kushoto inavyoitikia maneno, na kazi ya nyuso huelekea kuegemea zaidi upande wa kulia. Hapo wengine walishikwa na hofu, eti kusoma kunatunyang'anya nyuso za watu. Utafiti uliofanywa India na kuchapwa mwaka 2019 haukuona unyang'anyi huo. Wasomaji wa huko walijifunza neno bila ya kupoteza uso. Kwa maoni yangu hofu ile ilikuwa ya haraka. La maana kwetu ni kwamba usomaji ni mafunzo ya jicho, na jicho hufunzwa kwa hati fulani, si kwa hati zote.

Wanawake wa pwani hawakungoja mitambo kuyajua haya. Kanga ina jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa chini ya mji. Lakini nani anayesubiri kusoma? Mtu yuko ng'ambo ya barabara, kanga imekunjwa, maandishi yamefichwa na pindo, na bado anayetakiwa kuchomwa na ujumbe ule amekwisha chomwa. Ameitambua kwa rangi na maua yake, kama atambuavyo uso. Yule asiyejua hata herufi moja huitaja kanga kwa jina bila kukosea. Huo nao ni utambuzi wa neno zima, tena kwa ukamilifu ambao Cattell angeufurahia.

Sasa turudi kwenye vitabu. Katika pwani ya kaskazini Kiswahili kimevaa sura mbili. Kwa muda mrefu waliosoma walisoma chuoni, kwa mwalimu, wakianza na alifu na be, kisha irabu, kisha juzuu. Waliotaka kuandika Kiswahili, barua ya biashara au utenzi, walitumia herufi hizohizo. Wajerumani walipoingia ilibidi nao wazisome: mwaka 1892 C. G. Büttner alichapa Ujerumani mkusanyo wa barua na hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa Kiarabu, ili wanafunzi wa lugha huko wajizoeze. Lakini katika miaka hiyohiyo ya mwanzo wa 1890 shule ya serikali ilianzishwa Tanga, na humo herufi zilikuwa za Kirumi. Kutoka shule hiyo, mwanzoni mwa karne ya 20, likatoka gazeti la Kiongozi. Ukiwaweka pamoja watunzi wawili wakubwa wa eneo hili utauona mpaka wenyewe. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, aliyetunga utenzi wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima mwaka 1307 wa Hijra, ni mtu wa hati ya Kiarabu. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909 na kusomeshwa Dar es Salaam kati ya 1922 na 1926, ni mtu wa herufi za Kirumi. Kati ya utenzi ule na kuzaliwa kwa Shaaban Robert haijapita hata miaka 20.

Tutazame kwa karibu kile alichokiona msomaji wa Hemedi. Hati ya Kiarabu haina p, haina ch, haina v wala g yetu. Waandishi wengi wa zamani waliifanya b ibebe p pia, na f ibebe v. Nazali inayotangulia konsonanti, kama m ya "mb" au n ya "nd", mara nyingi haikuandikwa. Irabu ni tatu: fataha kwa a, kisiri kwa i na e pamoja, dhuma kwa u na o pamoja. Basi "toa" na "tua" ni sura moja. "Pita" na "peta" ni sura moja. "Bibi", "pipi", "pembe" zote zinavaa kanzu ileile. Waandishi wengine, hasa kule Mombasa, waliongeza alama za kupunguza utata huu, lakini desturi ya zamani ndiyo hiyo niliyoieleza.

Kuna wanaosema kwamba Waarabu wenyewe huandika bila irabu na hawapotei, kwa hiyo tatizo si tatizo. Hoja hii haisimami. Katika Kiarabu mzigo wa maana hubebwa na konsonanti za mzizi. Irabu hugeuzageuza tu. Kiswahili ni lugha ya Kibantu, na irabu zetu zina kazi nzito: pata, pita, peta, pota. Ondoa irabu, umebaki na mifupa ambayo haijulikani ni ya mnyama gani. Ndiyo maana hati za Kiswahili kwa kawaida zilitiwa irabu zote, tofauti na barua ya Kiarabu. Hata hivyo e na i ziliendelea kulala kitanda kimoja.

Kwa hiyo msomaji wa hati hakuweza kulitambua neno kwa kulitazama lenyewe tu. Ilimpasa awe analijua kabla. Hapa ninaikumbuka Adili na Nduguze. Ikibali anapomwona Adili akiwapiga nyani wawili kisha akiwakumbatia na kuwalisha, anachokiona ni nyani na wazimu. Adili anaona Hasidi na Mwivu. Nuru ya jicho ni ileile kwa wote wawili, ila Adili anayo hadithi nyuma ya jicho na Ikibali hana. Msomaji wa Mrima aliyeishika karatasi ya utenzi alikuwa Adili. Sisi tunaoingia maktaba na kuikuta karatasi hiyohiyo ni kina Ikibali.

Na hadithi iliyokuwa nyuma ya jicho la msomaji huyo ilikuwa nini? Kwanza, lugha yenyewe na kisa chenyewe. Pili, na hapa ndipo penye hoja yangu, vina na mizani. Ubeti wa utenzi una vipande vinne vya mizani nane nane. Vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na cha nne kina kina cha bahari kinachorudi kila ubeti mpaka mwisho. Tuseme kipande cha kwanza kimeishia na umbo linalosomeka "kiubi". Neno kama hilo halipo, hivyo akili inaruka mara moja kwenye "kiumbe". Cha pili kimeishia na "ujubi", ambalo ni "ujumbe" tu na haliwi jingine. Mpaka hapo kina kimekwisha kukaa masikioni: -mbe. Kipande cha tatu kikija na lile umbo letu la bibi, pipi na pembe, msomaji hana hata nafasi ya kushuku. Bibi hatokei. Ni pembe. Kina kimefanya kazi ambayo katika hati ya Kirumi hufanywa na herufi. Mizani nayo hufanya yake: kipande kikisomeka kwa mizani saba, msomaji anajua kuna silabi ameiruka, anarudi.

Mpangilio wa ukurasa pia ulisaidia. Katika hati nyingi za tenzi ubeti mzima huandikwa katika mstari mmoja, vipande vyake vikitenganishwa kwa alama, toka kulia kwenda kushoto. Matokeo yake kina cha bahari kinaangukia ukingo wa kushoto, ubeti chini ya ubeti, na kusimama kama ukuta. Jicho linalosafiri kuelekea kushoto linajua linafika wapi kabla halijafika. Tena wataalamu wanatwambia kwamba jicho la msomaji huona mbali zaidi kule linakoelekea. Mwaka 1981 Alexander Pollatsek na wenzake waliwapima watu waliosoma Kiebrania na Kiingereza, wakakuta mtu yuleyule huona zaidi upande wa kushoto akisoma Kiebrania, na zaidi upande wa kulia akisoma Kiingereza. Mshororo wa hati yetu ulikwenda njia hiyohiyo ya kushoto. Vitabuni kwetu ubeti umekatwa vipande vinne, kimoja chini ya kingine, na ukuta ule wa bahari umebomoka. Unaonekana mara moja kila baada ya mistari mitatu. Tunauita ubeti uleule. Kwa sikio, ndiyo. Kwa jicho ni kiumbe kingine.

Nawasikia walimu wangu wakiuliza: je, vina vilianza kwa ajili ya kusoma? La. Nyimbo za watu wasioshika kalamu zina ulinganifu wa sauti tangu hapo, na wala sidai kwamba mtu alikaa chini akabuni kina ili kuziba pengo la hati. Ninalodai ni dogo kuliko hilo. Kitu kilichokuwa tayari katika sikio kilipata ajira mpya katika jicho. Mjadala wa wanajadi na wanamabadiliko uliopamba moto hapa Chuo Kikuu miaka ya 1970, baada ya Kichomi ya Kezilahabi (1974), uliendeshwa kana kwamba vina ni ama uti wa mgongo wa ushairi, au minyororo. Pande zote mbili zilikuwa zinasoma Kirumi. Kwa msomaji wa Kirumi kina ni pambo kweli, maana neno analo kamili hata bila kina. Wanamabadiliko walikuwa na haki ya kukitupa kwa sababu mahitaji yalikwisha. Wanajadi nao walikuwa na haki ya kulia kwamba kuna kitu kimepotea, ingawa sidhani kama walikitaja kwa jina lake.

Hapo ndipo penye uzito, wenzangu, na si mchezo wa nadharia tu. J. W. T. Allen alikusanya hati za Kiswahili na Kiarabu, nyingine kutoka majumba ya pwani hii, zikawekwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Orodha yake ilichapwa mwaka 1970. Wengi wetu tunaandika tasnifu juu ya tenzi na kuhitimu bila ya kuweza kuusoma ukurasa mmoja wa hati hizo. Tunategemea matoleo, kama lile la Hemedi la mwaka 1960 ambalo Allen huyohuyo alilitia katika Kirumi na kulitafsiri kwa Kiingereza. Ni kazi ya heshima. Lakini kila mahali palipokuwa na umbo moja lenye maneno mawili, mhariri alichagua, na chaguo lake limechapwa kama neno la mtunzi. Ukisoma "toa" katika toleo lolote la namna hii, kuna mtu aliamua kwamba si "tua". Mara nyingi kina na mizani vitamuunga mkono. Neno likiwa katikati ya kipande, ambako kina hakifiki, na maneno yote mawili yana mizani sawa, hapo ushahidi ni kisa na kauli tu, na mhakiki ana haki ya kuuliza.

Tuwafikirie pia waliosomea hati hii. Pangani ilikuwa miongoni mwa wilaya sita zilizochaguliwa mwaka 1971 kufuta ujinga wa kusoma na kuandika. Kampeni ile ilifanya mema mengi na siibezi. Lakini hebu mfikirie mzee aliyeweza kuusoma utenzi kwa mwanga wa kibatari, ameketishwa dawati moja na asiyejua alifu wala be, wote wakiitwa kwa jina moja. Jicho lake lilikuwa limefunzwa miaka mingi. Kilichompata ni sawa na mtu anayejua nyuso za mji mzima, kisha akahamishiwa mji mwingine na kuambiwa hajui watu.

Kujifunza hati hiyo si mlima. Herufi ni 28, na zaidi ya nusu yake ni maumbo yaleyale yanayotofautiana kwa nukta. Kinachochukua muda ni kuondoka kwenye kutaja herufi moja moja na kufika mahali ambapo neno linakujia zima. Hapo hapana njia ya mkato katika hati yoyote: utafiti wa Katie Alcock na Damaris Ngorosho juu ya watoto wanaoandika Kiswahili, uliochapwa mwaka 2003, unaonyesha kwamba hata tahajia yetu ya Kirumi, tunayoisifu kwa unyoofu, si kitu kidogo kwa anayeanza. Ningependekeza mtu aanze na utenzi anaoujua kwa moyo, auweke mbele ya nakala ya hati, asome kwa sauti. Aanze na ule ukingo wa kushoto.